Meza ya Majaji: Miaka Ishirini ya Kuhukumu Mavazi Mbele ya Kamera

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2010, watazamaji wa televisheni nchini Marekani waliwaona majaji wanne wakivutana vikali kwa sababu ya nguo. Upande mmoja walikaa Michael Kors, mbunifu ambaye jina lake lilishaandikwa juu ya milango ya maduka, na Nina Garcia, mhariri wa mitindo. Upande wa pili walikaa Heidi Klum, mwanamitindo na mwenyeji wa kipindi, pamoja na mwimbaji Jessica Simpson, jaji mgeni wa siku hiyo. Walikuwa wamekwisha kutazama mikusanyo ya mavazi isiyofanana hata chembe. Gretchen Jones alileta nguo laini za rangi ya udongo, za mwanamke anayetaka kuvaa na kutoka bila kujitangaza. Mondo Guerra alileta rangi kali, michoro inayogongana na madoadoa makubwa, akichota katika asili ya familia yake ya Mexico.

Klum na Simpson walimtaka Mondo. Kors na Garcia walimtaka Gretchen, kwa hoja kwamba mkusanyo wake ulionyesha mitindo inakoelekea. Baada ya mabishano marefu Gretchen alitangazwa mshindi wa msimu wa nane wa Project Runway, na hadi leo wapenzi wa kipindi hicho hawajakubaliana kama haki ilitendeka.

Ubishi ule una thamani kubwa kuliko matokeo yake. Watu wasiowahi kushika sindano walijikuta wakijadili kama nguo njema ni ile inayovalika kesho asubuhi, ile inayotangulia wakati, au ile inayomgusa mtazamaji moyoni. Hayo ni maswali ya wahakiki, na kwa muda mrefu yalijadiliwa mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hakufika. Tangu 2004 televisheni imeyaleta sebuleni. Namna ilivyoyaleta, ilipofanya vizuri na ilipoteleza, ni historia inayostahili kusimuliwa, kwa maana ndani yake mna somo kwa kila anayetathmini kazi ya mikono ya mwenzake.

Kabla ya kamera

Kukosoa mavazi si jambo jipya. Katika kumbi za Paris, Milan na New York viti vya mbele vilikaliwa na wahariri wa magazeti na wanunuzi wa maduka makubwa, na kauli zao ziliweza kumwinua mbunifu au kumzika. Katika vyuo vya ubunifu mwanafunzi alisimama mbele ya walimu na wenzake, kazi yake ikiwa wazi, akaulizwa kwa nini amekata hivi na si vile. Umma uliona matokeo tu: nguo dukani, picha gazetini. Hata ndani ya uandishi wa habari, mitindo ilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa kurasa nyepesi. Ilikuwa mwaka 2006 ndipo Robin Givhan wa gazeti la Washington Post alipokuwa mwandishi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer ya uhakiki kwa kuandika juu ya mitindo.

Wakati huo Project Runway ilikuwa imekwisha kuanza. Kipindi cha kwanza kilirushwa na chaneli ya Bravo tarehe 1 Desemba 2004. Muundo wake ulikuwa mwepesi kueleweka: wabunifu wanafungiwa katika chumba kimoja cha kazi, wanapewa sharti, bajeti ya kitambaa na muda mfupi, mara nyingi siku moja au mbili, kisha nguo zao zinapanda jukwaani na mmoja wao anaaga mashindano. Mshindi wa msimu wa kwanza aliahidiwa dola 100,000 za kuanzishia biashara na kurasa katika jarida la Elle. Chumba cha kazi kilikuwa Parsons, chuo cha ubunifu cha New York, na mlezi wa washiriki alikuwa Tim Gunn, mkuu wa idara ya ubunifu wa mavazi wa chuo hicho hicho. Kwa hiyo utamaduni wa darasani, wa kuulizana maswali juu ya kazi, uliingia kwenye kipindi tangu siku ya kwanza.

Sharti la kwanza kabisa liliwashtua wengi. Wabunifu walipelekwa supamaketi na kuambiwa wanunue humo vifaa vya kutengenezea nguo. Austin Scarlett alinunua mahindi, akamenya maganda na kuyapanga yakawa gauni. Gauni lile lilishinda. Majaji hawakulipa ushindi kwa sababu ya ajabu ya maganda ya mahindi. Waliona umbo la gauni, namna maganda yalivyofuatana na jinsi yalivyomkaa mwanamitindo. Tangu hapo mtazamaji alijifunza kwamba swali la kwanza haliwi nguo imetengenezwa kwa nini, ila kama imekuwa nguo kweli.

Mwaka 2008, msimu wa tano ulipofunguliwa kwa sharti hilo hilo, washiriki kadhaa walikimbilia vitambaa vya meza. Gunn hakupendezwa. Kitambaa cha meza ni kitambaa tayari, na aliyekichukua alikuwa amelikwepa swali aliloulizwa. Huo nao ni ukosoaji: kutofautisha kazi iliyofaulu kwa sababu ilikuwa rahisi na kazi iliyothubutu.

Hukumu inavyopatikana

Kwa miaka yote utaratibu umebaki karibu ule ule. Wanamitindo wanapita mmoja baada ya mwingine. Wabunifu wa katikati, ambao kazi yao haikung'ara wala haikuharibika, wanaruhusiwa kuondoka. Wanaobaki ni waliofanya vizuri zaidi na waliofanya vibaya zaidi, wakisimama pamoja bila kuambiwa wako kundi gani. Kila mmoja anaeleza alichokusudia. Majaji wanauliza, wanasifu, wanakosoa. Kisha wabunifu wanatoka, majaji wanabaki peke yao kujadiliana, na hatimaye hukumu inatolewa. Kinachoonekana kwa dakika chache kwenye skrini huchukua muda mrefu zaidi ukumbini, na mkono wa mhariri wa picha huamua sentensi ipi ya jaji ibaki na ipi itupwe.

Ukisikiliza majaji kwa misimu kadhaa, unatambua kwamba maswali yao hayazidi matano. Je, mbunifu ametimiza sharti? Je, nguo imekaa mwilini, au inabana kifuani na kupwaya mgongoni? Je, imeshonwa vema, au pindo limepanda upande mmoja, zipu imetuna na nyuzi zinaning'inia? Je, ina ladha, yaani rangi, kitambaa na umbo vinasikilizana? Na la tano, gumu kuliko yote: je, mtu akiiona nguo hii bila jina atajua ni ya nani?

Maswali hayo hugombana yenyewe kwa yenyewe. Mbunifu aliyeshona kwa usafi anaweza kuleta gauni ambalo tumeliona mara elfu. Mwenye wazo jipya anaweza kulileta likiwa limeshikizwa kwa pini. Nani aende nyumbani? Majaji wazuri hueleza ni kosa lipi wanalipa uzito na kwa nini. Jaji akisema tu hajaipenda, hakuna aliyejifunza kitu, si mbunifu wala mtazamaji.

Ulimi wa Kors, maswali ya Gunn

Michael Kors aliijua kazi. Alianzisha chapa yake mwaka 1981, akaongoza ubunifu wa nyumba ya Céline ya Paris kuanzia 1997, na jicho lake lilikuwa jepesi kuona bega lililokatwa vibaya. Nina Garcia, mzaliwa wa Barranquilla nchini Kolombia, alikuwa mkuu wa mitindo wa Elle, na alitazama nguo kama mtu anayechagua kila mwezi ipi iingie kwenye kurasa na ipi ikataliwe. Klum alizungumza kama mvaaji, mwanamke aliyevalishwa na mamia ya wabunifu na anayejua nguo inamfanyia nini aliye ndani yake. Meza hiyo ya watu watatu, pamoja na mgeni wa wiki, ilikuwa imepangwa kwa busara: mtengenezaji, mchaguzi na mvaaji.

Lakini kamera hupenda maneno yanayochoma. Kors alikuwa fundi wa kufananisha nguo na vitu vya kuchekesha, na vichekesho vyake vikawa sehemu ya sababu ya watu kutazama. Hapo kipindi kilianza kujidhuru. Mbunifu aliyefananishwa na kichekesho mbele ya mamilioni hakupewa njia ya kurekebisha kazi yake. Mtazamaji naye alifundishwa kwamba kukosoa ni kubuni dongo zuri. Vipindi vingi vilivyofuata, vya kuimba, kupika na kucheza, viliiga dongo na kusahau jicho.

Dawa ilikuwa chumba cha kazi. Humo Gunn alipita meza kwa meza, mkono kidevuni, akiuliza maswali. Unataka kusema nini na kiuno hiki? Umefikiria mtu atakaaje akiwa amevaa sketi hii? Unao muda wa kutosha kwa mikono hiyo? Hakumwambia mbunifu la kufanya. Alimwonyesha mahali penye tatizo, akamwachia atafute jibu, kisha akamhimiza atumie alicho nacho na aifanye kazi isimame. Alikuwa amefundisha Parsons tangu miaka ya 1980 na alijua kwamba mwalimu akimtatulia mwanafunzi fumbo, amemnyima akili yake mwenyewe. Ukosoaji wa Gunn ulikuja nguo ikiwa bado mezani, ikiwa bado inarekebishika. Ule wa majaji ulikuja baada ya mambo kwisha. Kipindi kilihitaji vyote viwili, na kilikuwa bora pale ambapo cha kwanza kilipewa nafasi sawa na cha pili.

Hata mezani, swali moja la dhati liliweza kufanya zaidi ya dhihaka kumi. Katika msimu ule wa 2010, washiriki walitakiwa kubuni kitambaa chao wenyewe kutokana na maisha yao. Mondo Guerra alichora alama kubwa za kujumlisha na kushona suruali. Nina Garcia akamuuliza michoro ile ina hadithi gani. Mondo, ambaye awali hakutaka kusema, aliamua kueleza: alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka 10, na alama zile zilikuwa na maana hiyo. Alishinda siku ile. Garcia hakufanya jambo kubwa. Aliuliza kuhusu nguo, akasubiri jibu.

Nguo moja na mkusanyo mzima

Fainali ilibadilisha kazi ya majaji. Katika misimu ya mwanzo waliofika mwisho walipewa dola 8,000 na kurudi makwao kutengeneza mavazi 12, ambayo yangeonyeshwa kwenye Wiki ya Mitindo ya New York, kwanza katika mahema ya Bryant Park na kuanzia Septemba 2010 huko Lincoln Center. Kuhukumu gauni moja ni kuangalia jibu la swali moja. Kuhukumu mkusanyo ni kuangalia kama mtu ana jambo la kusema kwa dakika kumi bila kujirudia na bila kupotea njia.

Fainali ya 2008 inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Leanne Marshall alichukua wazo moja, mawimbi ya bahari, akalifuata kutoka vazi la kwanza hadi la mwisho: tabaka juu ya tabaka za kitambaa zilizopindwa na kupangwa, zikitulia kwenye suruali na kufurika kwenye gauni. Korto Momolu, mzaliwa wa Liberia aliyekuwa akiishi Little Rock, Arkansas, alileta rangi na shanga na mikato inayomheshimu mwanamke mwenye umbo. Majaji walimpa Leanne ushindi kwa umoja wa mkusanyo wake, na Korto akashika nafasi ya pili. Mtu anaweza kupenda nguo za Korto zaidi, na wako wengi, lakini sababu ya majaji ilieleweka na iliweza kupimwa kwa macho. Mbunifu aliyeko Monrovia au Mombasa angeweza kuisikia na kuitumia kesho yake.

Fainali ya 2006 ilileta suala jingine. Laura Bennett alihoji kama Jeffrey Sebelia alishona mwenyewe mkusanyo wake wote, maana umaliziaji wake ulikuwa safi kuliko alivyozoea kumwona akishona chumbani. Gunn alilazimika kufanya uchunguzi na kukagua risiti. Sebelia aliondolewa tuhuma ya kushonewa, ila alikutwa amezidisha bajeti na akaacha mawigi aliyokusudia kuyatumia. Alishinda. Kisa hicho kilikumbusha kwamba ubora wa mshono, ambao majaji walikuwa wakiutaja kila wiki, ni jambo zito kiasi cha kumtia mtu mashakani. Pia kilionyesha jicho la fundi: aliyegundua jambo hakuwa jaji. Alikuwa mshonaji mwenzake.

Nani hasa aliamua?

Mwishoni mwa kila kipindi, maandishi madogo yalipita haraka yakieleza kwamba majaji waliamua kwa kushauriana na watayarishaji. Wengi hawakuyasoma. Waliosoma walianza kujiuliza. Mbunifu mwenye mdomo mkali ameokolewa kwa sababu ya nguo au kwa sababu ya vurugu anazoleta? Hakuna awezaye kujibu kwa uhakika kutoka sebuleni, na hiyo ndiyo hasara yenyewe. Pale ambapo sababu ya uamuzi inaweza kuwa nyingine kuliko ile iliyotamkwa, hata uamuzi wa haki unaonekana na doa.

Ndiyo maana fainali ya Mondo na Gretchen iliwauma watu kiasi kile. Kwa msimu mzima majaji walikuwa wamemsifu Mondo kwa ujasiri wa rangi na ustadi wa kuoanisha michoro. Siku ya mwisho kipimo kikawa mwelekeo wa soko na nguo zinazovalika. Kors na Garcia walikuwa na haki ya kupima hivyo, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kosa lilikuwa kubadilisha mizani mtu akiwa amekwisha kupanda juu yake. Mondo alirejea na kushinda msimu wa kwanza wa toleo la mastaa, All Stars, mwaka 2012.

2013: jina linafichwa, nguo inashikwa

Hali ya kuhukumu bila kujua mwenye kazi ilijitokeza kwanza kwa ajali. Mwaka 2008 mgogoro wa kisheria uliibuka kati ya NBC Universal na The Weinstein Company juu ya kuhamisha kipindi kutoka Bravo kwenda chaneli ya Lifetime. Msimu wa sita ulikuwa umekwisha kurekodiwa lakini haukuweza kurushwa. Ilipofika Februari 2009 mikusanyo mitatu ya fainali ilionyeshwa New York bila majina ya wabunifu, ili siri ya matokeo isivuje. Wageni waliokuwa ukumbini walikuwa na nguo tu za kutazama, bila hadithi, bila sura, bila machozi ya wiki zilizopita.

Katika msimu wa 12, mwaka 2013, kipindi kilifanya makusudi kile ambacho ajali ilikuwa imefanya. Nguo zilipita jukwaani majaji wakiwa hawajui ni ya nani. Zaidi ya hapo, walianza kusogea karibu, kuinua pindo, kugeuza kitambaa na kutazama ndani. Gunn naye alipewa haki ya kumwokoa mshiriki mmoja ambaye aliona amehukumiwa vibaya. Kors alikuwa amekwisha kuondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Zac Posen, mbunifu aliyejulikana kwa ustadi wa kukata magauni. Hayo yalikuwa mabadiliko mazuri kuliko yote katika historia ya kipindi. Nguo iliyoko mbali jukwaani, chini ya taa, inaweza kudanganya. Nguo iliyoshikwa mkononi haidanganyi.

Mwaka huo huo, mwezi Aprili, BBC ya Uingereza ilianzisha The Great British Sewing Bee, shindano la washonaji wa kawaida wanaoshona majumbani. Majaji wa kwanza walikuwa Patrick Grant, mtu wa Savile Row, mtaa wa mafundi wa suti wa London, na May Martin, mwalimu wa ushonaji. Hapo nguo ilivalishwa sanamu, ikazungukwa na kukaguliwa mshono kwa mshono: je, michoro imekutana kwenye maungio, je, kola imelala, je, zipu imefichika. Hapakuwa na dongo. Grant na Martin walisema mshono umevuta kwa sababu kitambaa kilinyooshwa kikipita chini ya mguu wa cherehani, na mshonaji akaitikia kwa kichwa kwa sababu alijua ni kweli. Kipindi kilipendwa, na mwaka 2020 kilipanda hadi BBC One. Watazamaji walithibitisha kwamba wanaweza kukaa saa nzima wakifuatilia pindo la sketi, mradi mtu anayejua awaeleze.

Mwili wa nani?

Kwa miaka kumi, kipimo kimoja hakikutajwa mezani kwa sababu kilidhaniwa kuwa cha kawaida: mwili wa mwanamitindo mwembamba. Masharti ya kuwavalisha wanawake wa kawaida yalipokuja, wabunifu wengi walilalamika kana kwamba wamepewa adhabu. Mwaka 2015 Ashley Nell Tipton alishinda msimu wa 14 kwa mkusanyo mzima wa wanawake wanene, wa kwanza wa aina hiyo kushinda.

Mwaka uliofuata Tim Gunn aliandika katika Washington Post akiwashutumu wabunifu wa Marekani kwa kukataa kuwashonea wanawake wa nchi yao, ambao kwa wastani huvaa saizi 16 hadi 18. Katika makala hiyo hiyo alisema wazi kwamba mkusanyo wa Tipton haukuwa mzuri na kwamba ushindi wake ulikuwa wa ishara. Wengi waliudhika. Mimi naona Gunn aliheshimu jambo lenyewe. Kumpa mtu ushindi kwa sababu ya ujumbe wake huku kazi yake ikisamehewa ni kumdharau, na ni kuwadharau wanawake wenye umbo kama lake, wanaostahili nguo iliyokatwa kwa ustadi uleule. Tipton alikuwa na haki ya kukosolewa kwa uzito uleule wa wengine. Kipindi kilijibu kwa vitendo mwaka 2017, kilipoanza kutumia wanamitindo wa saizi 0 hadi 22 katika kila sharti, na kila mbunifu akalazimika kujifunza kukata kwa miili tofauti. Kuanzia hapo jaji hakuweza tena kusema nguo imekaa vizuri bila kujiuliza imekaa juu ya nani.

Jaji naye apimwe

Kuanguka kwa Harvey Weinstein, ambaye kampuni yake ilimiliki kipindi, kulikifanya kirudi Bravo mwaka 2018. Klum na Gunn waliondoka kwenda Amazon. Machi 2019 Project Runway ilirudi hewani, mlezi akiwa Christian Siriano, ambaye alishinda msimu wa nne mwaka 2008. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya meza ile akitetemeka sasa alipita chumba cha kazi akijua hasa neno gani linasaidia saa nane za mwisho.

Mwaka 2020 ulileta vipindi viwili vilivyolipindua swali. Katika Making the Cut ya Amazon, iliyokuwa na zawadi ya dola milioni moja, majaji walitoa msimamo wao, wakamsikiliza mbunifu akijitetea, kisha wakaulizwa kama kuna aliyebadili mawazo. Hoja ya mbunifu ikawa na nguvu ya kubadilisha hukumu. Katika Next in Fashion ya Netflix, kwenye sharti la mavazi ya mtaani, majaji walikuwa tayari kuwaondoa Farai Simoyi, mbunifu mwenye asili ya Zimbabwe, na mwenzake Kianga Milele, anayejulikana kama Kiki. Jaji mgeni, Kerby Jean-Raymond wa chapa ya Pyer Moss, alikataa. Kwa maoni yake, wanawake wale wawili weusi walikuwa wanaifahamu mitindo ya mtaani kuliko waliokuwa wakiwahukumu. Aliinuka akaondoka mezani. Hatimaye hakuna aliyetolewa siku ile.

Kwa mara ya kwanza swali lilielekezwa kwa mwenye kuhukumu: wewe unayepima, unaijua nguo hii inatoka wapi, inavaliwa na nani, inamaanisha nini kwa wenyewe? Jicho lililofunzwa kwa magauni ya jioni ya Paris linaweza kuwa kipofu mbele ya koti la mtaani, na hata mbele ya kitenge.

Kwetu

Swali hilo linatuhusu. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilipata toleo lake, Project Runway South Africa, kwenye chaneli ya Mzansi Magic, mwenyeji akiwa Lerato Kganyago. Julai 2025 kipindi mama kilirudi na Heidi Klum, sasa kwenye chaneli ya Freeform, Nina Garcia akiwa bado mezani baada ya miaka zaidi ya ishirini, pembeni yake Law Roach, mtaalamu wa kuwavalisha watu mashuhuri. Mtindo huu wa vipindi hauna dalili ya kufa, na si ajabu siku moja kituo cha Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kikaanzisha cha kwake.

Kikifanya hivyo, kisianze kwa kutafuta jaji mwenye ulimi mkali. Kimweke mezani fundi aliyeshona kwa miaka mingi, anayejua kitenge hukatwaje ili michoro ikutane mbavuni na kanga hupoteza nini ikikatwa pindo lake. Kimweke pia mtu anayeuza nguo, na mwanamke anayezivaa kazini na msibani. Majaji waishike nguo na kuigeuza ndani nje mbele ya kamera. Mizani itangazwe kabla ya shindano, isibadilishwe fainali. Kila kura itolewe pamoja na sababu yake, na mbunifu apewe nafasi ya kujibu. Watayarishaji wabaki nje ya chumba cha uamuzi.

Hayo hayagharimu fedha nyingi. Yanadai heshima kwa mtu aliyekesha akishona, na heshima hiyo huanza kwa kumwambia ukweli ulio kamili: hapa umepatia, hapa umekosea, na hii ndiyo sababu.